Tableti ya kuchora kwa retushi ya mafoto, na dola 100 nichukue gani hapa Goma?

kivuli_na_mwanga (Goma, Himbi)

Jambo bandugu na badada benye kufanya kazi ya mafoto. Miye nafanyaga retushi (kusafisha foto mu kompyuta) ya mafoto ya ndoa na ya dot (mahari), imeshafika miaka mitatu, kazi inanifikia kutoka kwa bapiga foto babili ba hapa Goma. Siku ya posho (jumamosi) banapiga, siku ya yenga (jumapili) magaribi bananiletea disiki yenye mafoto 500 ao 600, tunachagua kama 60 ya albumu na hizo 60 njo nashugulikia moja moja: jasho ku paji la uso, chunusi, kola yenye imepinda, nywele zenye zinarukaruka, mutu mwenye amepita nyuma ya bibi arusi na ndoo. Vyote vile navifanya na suri (ile panya ya kompyuta).

Sasa tangu mwezi wa pili mukono wa kuume unaniuma kuanzia kifundo mpaka karibu ya kiwiko, na kidole cha kubonyezea kinakufa ganzi nikimaliza. Infirmiye mumoja aliniangalia akaniambia kama sibadilishe namna ya kushika itakuwa mbaya zaidi. Na hii kazi njo inalipa minervale (feza ya masomo) ya badogo zangu babili, siwezi kuiacha.

Njo nafikiri tableti ya kuchora, ile ubao ya kuchomeka ku lapitopu yenye unaandikia na kalamu. Niko na dola 100, nikijikaza sana 130. Mashini yangu ni lapitopu ya ekra (kioo) ya inchi 14, RAM 8, Windows 10, Photoshop ya kifaransa. Kurani (umeme) tunapata masaa kidogo magaribi kwa hiyo mara mingi natumika na batri. Nimezunguka nikaona vitu vinne: mu Birere kuko One by Wacom ile ndogo, CTL-472, mupya, 65. Kuko mutu anatoka Kampala juma lijalo anaweza kuniletea Huion H640P kwa 55 lakini nilipe mbele. Kuko Wacom Intuos Pro ya katikati, okazio (imeshatumiwa), 60, haina kalamu, muuzishaji anasema kalamu yoyote ya Wacom itaingia. Na kuko moja ya ekra ya inchi 13, okazio, 220, hiyo ningeomba deni.

Nauliza: ndogo itanitosha? Hii mambo ya nivo 2048 na 8192, hesabu ya presio, vile kalamu inasikia umeikandamiza, ni tofauti kubwa? Na kwa retushi ya ngozi ekra ni lazima? Naona mu mavideo kila mutu mukubwa anafanya moja kwa moja juu ya ekra, nikaanza kuwaza pengine bila ile siwezi kufika mbali. Aksanti.

---

stilo_ya_nyawera (Bukavu)

Pole sana dada kwa ule mukono, miye nilipita mulemule, njo maana nitaandika mingi kidogo.

Ile ya ekra iache. Sisemi ni kitu kibaya, mutu wa kuchora katuni anaihitaji juu anataka kuona mustari unatoka palepale chini ya ncha, lakini retushi ni kazi ingine. Ukiwa unatengeneza uso wa mutu unataka kuuona wote, sasa kwenye ile ya ekra mukono wako njo unafunika shavu lenye uko nalitengeneza. Shingo nayo, unainama masaa sita, utapona kifundo uanze kuugua mugongo. Halafu umeme: ya ekra mara mingi inaomba umeme wake pembeni, inaomba na prizi ya video, na umesema kurani ni masaa kidogo. Tableti ya kawaida inakula umeme kiloko sana kupitia kabli ya USB tu, na kalamu yake haina batri hata moja, hautajaza chochote. Na kuko jambo la rangi, ukiwa na ekra mbili zenye hazisemi rangi moja, ngozi ya bibi arusi kwa moja ni kahawia na kwa ingine ni kama matofali, utaamini gani?

Ukubwa. CTL-472 mahali pa kuandikia ni milimita 152 kwa 95, H640P ni 160 kwa 100, ni sawasawa tu. Batu banaogopa wanasema ni ndogo kama kadi ya posta. Lakini fikiria vile unafanyaga: hautengenezi foto ikiwa nzima mu ekra, unakaribia kwanza, unaweka jicho moja ao kidevu mu ekra, unapiga mistari mifupi mifupi, unasogea. Hiyo mistari ni ya kifundo na vidole, si ya bega. Tableti kubwa inakuomba kutembeza mukono wote kutoka ku meza upande huu mpaka upande ule, kila mara yenye unaenda kubadilisha chombo. Kwa ekra ya inchi 14 ndogo inatosha kabisa, na inaingia mu sakoshi pamoja na lapitopu.

Nivo: 2048, 4096, 8192, kwa retushi hautaona tofauti, mimi nimefanya na zote tatu. Chenye utaona ni kitu kingine chenye hawaandikagi ku boksi: kalamu inaanza kuandika ukiigusisha polepole, ao inangojea mpaka uikandamize? Ile ya kungojea itakuchokesha mukono vilevile kama suri, juu utakuwa unakandamiza siku yote. Hiyo lazima uiguse na mukono wako njo ujue.

Na juu ya hiyo njo nakushauria: nunua ile yenye unaweza kuijaribu hapo hapo kabla ya kutoa feza. Garanti inaandikwaga ku boksi lakini toka hapa nani ataivusha mupaka airudishe? Ya Kampala pengine ni nzuri, Huion H640P ni tableti ya muzuri na iko na mabatone sita ku upande yenye One by Wacom haina. Lakini ikifika na kasoro, dola zako 55 zimebaki Uganda. Kama huyo mutu anakubali umulipe ukishaijaribu, hapo mambo ni mengine, chukua yake.

Siku tatu za kwanza utaona kama mukono si wako. Macho yako ku ekra, mukono uko chini, kichwa kinakataa. Usirudie suri! Funga suri mu kabati. Kuko zoezi lenye lilinisaidia: fungua ukurasa mweupe, weka matone 50 meusi huku na huku, halafu na kalamu gonga juu ya kila moja bila kuangalia mukono. Dakika kumi asubui, dakika kumi magaribi. Juma moja tu.

---

foto_ya_katuba (Lubumbashi)

Mi nakubaliana na yaya wa Bukavu juu ya ekra, lakini ku ukubwa apana kabisa. Inategemea ekra yenye uko nayo. Mi niko na ekra ya inchi 24 ku studio, nikianza na ndogo, nikisukuma kalamu kiloko tu mushale unaruka mpaka kule, ilikuwa ngumu kufuata ukingo wa shavu. Nikakamata Huion H1060P, ile ya inchi 10 kwa 6.25, mambo ikatulia. Lakini na mi situmikiye yote, mu programu yake niliikata nikabakisha kama nusu ya katikati. Kwa hiyo dada kama siku moja utanunua ekra kubwa, kumbuka hii.

Kintu kingine chenye batu basahau: umbo. Hizi tableti nyingi ni 16 kwa 10, ekra za lapitopu mingi ni 16 kwa 9. Ukiacha vile inakuya, ukichora duara inatoka sawa yai imelala, na mukono unajifunza uongo. Ingia mu programu ya tableti, tafuta mahali bameandika kulinda uwiano, washa. Ku ile ya 152 kwa 95 utapoteza karibu milimita 10 upande wa chini, ni bure, hautazikumbuka.

Sasa ile Intuos Pro bila kalamu. DADA USIINUNUE. Muuzishaji pengine hajue, lakini si kweli kama kalamu yoyote inaingia. Hizi kalamu hazina batri juu tableti yenyewe njo inatosha mawimbi ya sumaku, ndani ya kalamu kuko koili ndogo yenye inaitika, tableti inasikia ile jibu, inajua kalamu iko wapi na umeikandamiza kiasi gani. Sasa kila familia ya tableti iko na kalamu yake yenye inaitika vile inatakiwa. Kalamu ya One by Wacom haifanye ku Intuos Pro, ata jina ya kampuni ni moja. Ya Pro, kalamu yake peke yake inaweza kula feza yako karibu yote, na kuipata huku si kazi ya siku moja. Tableti bila kalamu ni kipande cha plastiki. Hapa Lubumbashi naonaga benye kuuzisha vile, vitu binatoka Dubai ao binapita Kasumbalesa ku mupaka wa Zambia mu mabale ya okazio, kalamu ilipotea njiani.

---

panzi_foto (Bukavu)

Miye miaka 8 na suri na kazi inatoka. Ningekuwa weye feza ningeweka ku disiki ya pili ya kulinda mafoto ya batu. Kalamu haitengenezi jicho.

---

kivuli_na_mwanga (Goma, Himbi)

Aksanti papa, disiki ya pili niko nayo, niliinunua mwaka uliopita nyuma ya kupoteza mafoto ya ubatizo mumoja. Hapa shida ni mukono, siwezi tena kufanya masaa mawili na suri bila kusimama.

@foto_ya_katuba nimeshituka, kesho nilikuwa naenda kulipa ile Intuos Pro juu niliona ni kubwa na ni ya bei chini. Umenisaidia sana.

Sasa nauliza: nikienda Birere, najaribu nini hasa? Muuzishaji ataniangalia dakika tano tu.

---

fundi_virunga (Goma)

Dada, mimi natengenezaga mamashini, tableti kama hizo zinanifikia mara kwa mara. Sikiliza vizuri.

Leo usiku, ukiwa na koneksio nzuri, chukua draiva ya ile tableti (programu yenye inafanya lapitopu iijue) ku saiti ya kampuni yenyewe, uiweke mu lapitopu tayari. Ukienda Birere kungojea ishuke pale na megabaiti zako, muuzishaji atachoka na weye utalipa bila kujaribu. Kama kuko draiva ya tableti ingine ya zamani mu mashini, itoe kwanza, uzime uwashe, draiva mbili za kampuni tofauti zinagombanaga na utafikiri ni tableti njo mbaya.

Fika na lapitopu yako ikiwa imejaa batri. Kwanza geuza tableti, soma namba nyuma. Inatakiwa kuwa CTL-472 sawa na ya boksi. Kuko Bamboo za zamani kama CTL-460 zenye zinafanana kwa mutu mwenye hajue, hizo draiva mupya hazizihesabu tena. Halafu chomeka, na ukiwa umechomeka tikisa kabli kidogo kidogo pale inaingilia ku tableti. Ikikatika hata mara moja, usichukue, omba ingine. Hapo njo tableti nyingi zinafia, si ku kalamu.

Kiisha fungua ukurasa mweupe, chukua rula, iweke mushazari juu ya tableti, vuta mustari pole, pole sana, mbio haionyeshe kitu. Ukiona mustari unatetemeka kama mawimbi ya ziwa wakati rula imenyooka, hiyo tableti iko na shida. Fanya ku kona zote ine. Halafu jaribu kile yaya wa Bukavu alisema: acha uzito wa kalamu peke yake uguse, vuta. Inatakiwa kuacha alama, hata kama ni hafifu. Hayo yote hayapite dakika sita. Akikataa ujaribu, toka, kuko maduka mengine.

Nyuma ya kununua, kuko jambo la Windows. Inakuaga na kitu chenye banaita Windows Ink, kwa kuandika na kalamu ni kizuri lakini mu Photoshop inaletaga kuchelewa mwanzo wa mustari na kale kaduara kanazunguka ukishikilia kalamu. Ukiizima mu draiva ya tableti, Photoshop inaweza kupoteza presio, kila mustari unatoka unene mumoja. Usiogope. Fungua Notepad, andika UseSystemStylus 0, ulinde na jina PSUserConfig.txt, weka mu foldere ya maseting ya Photoshop (iko mu AppData, Roaming, Adobe), funga Photoshop ufungue. Presio inarudi na kaduara kanaenda. Kwa benye kutumia GIMP ya zamani (programu ingine ya mafoto), mambo ni kuingia ku Hariri, halafu vyombo vya kuingiza, unachagua kalamu unaiweka ku "ekra", bila hivyo GIMP inaichukua kama suri tu. Krita, programu ya kuchora, yenyewe inasikia presio bila kuombwa mingi.

Na jambo la hapa kwetu: vumbi. Batu ba mahali pengine hawajue vumbi ya Goma. Hii vumbi yetu nyeusi ni mawe ya lava yenye yamesagwa na magari na machukudu (ile mikokoteni ya mbao ya magurudumu mawili), ni kama sandipepa. Wakati wa jua inaingia kila mahali hata ukifunga dirisha. Ikikaa juu ya tableti na weye unavuta kalamu juu yake, inachora tableti na inakula ncha mbio mbio. Weka kitambaa safi karibu, pangusa kila mara mbele ya kuanza, na ukimaliza funika. Miye nilikata plastiki laini ya kufunikia daftari nikaiweka juu ya yangu, kalamu inasoma vizuri tu juu haihitaji kugusa tableti yenyewe, ikichoka nabadilisha, ni franka kidogo.

---

kivuli_na_mwanga (Goma, Himbi)

Nimerudi! Nimenunua CTL-472 kwa 60, alianza ku 65 nikamuomba.

Nilifanya yote vile fundi aliandika. Ile ya kwanza yenye alinipa, nilitikisa kabli, ikakatika mara mbili mbele ya macho yake. Alikasirika kidogo lakini akafungua boksi ya pili, hiyo ikashika vizuri, mustari wa rula ulinyooka ku kona zote. Kama singesoma hapa ningechukua ya kwanza na kurudi nyumbani nikifurahi. Mu boksi kuko kalamu na ncha tatu za ziada na kapete kadogo ka kuzitolea.

Windows Ink nimeizima, ile fayilo nimeiweka, presio inafanya. Duara yangu sasa ni duara.

Sasa shida ni moja: nikipiga brashi ku ngozi inaonekana kama nimepaka poda. Na suri nilikuwa natumia brashi ya opasite (nguvu ya rangi) 20 nikigonga gonga, sasa na kalamu inajaza mbio. Nikabadilisha presio iongeze ukubwa, ikawa mbaya zaidi. Mwenye kujua anieleze vile anapanga yake.

---

stilo_ya_nyawera (Bukavu)

Hongera dada! Sasa njo tunaanza kazi yenyewe, na hii njo naipenda.

Zima presio ku ukubwa. Kwa retushi ukubwa unaubadilisha na mabatone ya klavye, mukono wa kushoto ukae pale: mabano ya kupunguza na kuongeza, Alt kwa tampo (chombo cha kunakili kipande cha foto), Ctrl+Z. Presio iende mu "Transferi", mahali pa opasite, chagua presio ya kalamu. Opasite iache 100, lakini flu (kiasi cha rangi yenye brashi inatoa) iweke 2 ao 3 kwa mia, ugumu 0. Utaona kama haifanye kitu. Pita tena, pita tena. Ngozi inajengwa polepole, kama vile mutu anapaka mafuta, hamwagi.

Sasa usipake rangi juu ya ngozi, hiyo poda yako inatoka pale. Tengeneza kalke mbili za Kurbe (tabaka juu ya foto zenye zinabadilisha mwanga). Ya kwanza unainua kati kidogo, foto inaangaza. Ya pili unashusha kati, foto inakuwa giza. Kila moja jaza maski yake (kifuniko chenye kinaonyesha ao kinaficha ile kalke) nyeusi, foto inarudi kama ilikuwa. Halafu chukua brashi nyeupe, ile ya flu 2, na ukiona kivuli kidogo chini ya jicho chenye hakipendezi, paka mu maski ya kuangaza. Ukiona doa lenye linang'aa, paka mu maski ya kutia giza. Vitundu vya ngozi vinabaki vyote, hautoi kitu, unasawazisha mwanga tu. Hapa njo kalamu inashinda suri: na suri kila bonyezo ni sawa na lingine, na kalamu unaanza hafifu, unakaza katikati, unaachilia, ukingo hauonekane.

Separasio ya frekansi (kugawanya foto, vitundu ku kalke moja, rangi ku ingine), yenye kila video inafundisha, itumie kidogo ao usiitumie. Inakusaidia kuenda mbio lakini ukizidisha batu wote wa albumu wanakuwa na uso wa plastiki mumoja.

Na sasa nitasema kitu chenye kiko mu roho. Mavideo mingi yalitengenezwa ku ngozi nyeupe. Pale mwalimu anakwambia ondoa mng'ao wote, angaza chini ya macho, pandisha mwanga wa uso. Ukifanya vile ku ngozi yetu, uso unakufa. Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake kupitia mng'ao: paji la uso, mufupa wa shavu, pua, ule mustari wa mwanga njo unasema hapa kuko mufupa, hapa kuko mviringo. Ukiufuta wote, mama anakuwa kama amekatwa ku karatasi. Punguza ile yenye imechomeka kabisa mpaka nyeupe, jasho la flashi, ingine iache, isawazishe tu ifuate umbo. Na usiangaze mutu kwa sababu anaangaza ku foto ya jirani! Mara mingi bibi arusi alipakwa mekapu yenye ni nyeupe kuliko shingo, hapo rudisha uso ufanane na shingo na mikono, usivute shingo ifuate uso. Nilikuwa nikifanya vibaya zamani, mpaka siku moja mama mumoja wa Kadutu alishika albumu akaniuliza pole pole, "huyu ni nani?" Ilikuwa yeye. Nilirudilia albumu nzima bure, kurasa zote.

Angalia pia rangi ya vivuli. Ku ngozi yetu kivuli chini ya kidevu kinavutaga wekundu ao buluu ya taa za sali, na ukiangaza tu na Kurbe ile rangi inatokea kwa nguvu. Ongeza kalke ingine, mode ya "rangi", chukua rangi ya shavu na Alt, paka na flu 2 ileile pale kivuli kimeenda nyekundu. Mara mbili tatu tu.

---

foto_ya_katuba (Lubumbashi)

Hii ya vivuli ni kweli kabisa yaya, mu masali ya hapa bataa ya LED ya rangi rangi inaharibu kila kintu. Mi naongezaga kitu kimoja: dada, ukimaliza uso, rudisha foto ikuwe ndogo kama ya simu, angalia. Kama unaona madoa madoa mu ukubwa ile, umetengeneza vitundu badala ya kutengeneza uso. Na kalamu unakaribia sana mpaka unasahau mutu.

---

panzi_foto (Bukavu)

Kalke mbili za Kurbe nimejaribu leo na suri, kweli inafanya. Dada, mu maduka ya kwenu zimebakia ngapi?

---

kivuli_na_mwanga (Goma, Himbi)

Papa, niliona boksi mbili zilibakia, lakini moja ni ile ya kabli yenye inakatika, fungua macho.

Leo ni siku ya 16. Siku nne za kwanza nililia kweli, nilikuwa nafanya foto moja dakika 40, nikawaza nimetupa feza ya badogo. Zoezi la matone nilifanya asubui na magaribi bila kuacha. Siku ya tano mukono ukaanza kufika pale jicho linaangalia. Juma hili nimemaliza 60 zote kwa usiku mbili, mbele zilikuwa usiku tatu na nusu, na kidole hakifi ganzi tena. Kifundo kinauma bado kidogo ikifika saa tano usiku, hapo nasimama.

Mupiga foto mumoja aliniuliza nimebadilisha nini juu ngozi zimekuwa "kama batu". Nikamuonyesha kalamu.

Swali la mwisho: ncha imeanza kukatwa upande mumoja, imekuwa kama patasi na inachubua plastiki nimeweka. Siku 16 tu! Ni kawaida ao nakandamiza sana?

---

fundi_virunga (Goma)

Unakandamiza sana, na kalamu unaishika ikiwa imelala upande mumoja kila siku. Ingia mu draiva, mahali pa presio, sogeza kamshale upande wa laini, njo mukono utajifunza kuguza badala ya kuchimba. Ile ncha usiitupe, izungushe nusu mu kalamu na kipande cha sandipepa laini uvunje ile pembe, itaenda mwezi mwingine. Na ile plastiki ibadilishe leo, ikishachubuka inashika vumbi.